Anne Kilango wa Same: Jina la Mume na Kazi ya Mke



Leo kwenye historia za wanawake tunavuka maji, tunapanda milima ya Upare. Nataka tumzungumze mama mmoja ambaye wengi wenu jina lake mmelisikia, hasa mliokuwa mkifuatilia Bunge redioni mwaka 2008: Anne Kilango Malecela, aliyekuwa wakati huo mbunge wa Same Mashariki.

Kwa vyeo si mtu wa juu sana. Uwaziri mkuu hakuupata, wala uwaziri kamili. Unaibu waziri alikaa nao chini ya mwaka, na ukuu wa mkoa haukutimiza hata mwezi. Lakini aliolewa katika nyumba ambayo jina lake limo kwenye historia ya nchi hii tangu siku za Mwalimu Nyerere. Hilo ndilo lililonivuta. Mimi nashona nguo za harusi, na mabinti wanaokuja kupimwa huwa na mazungumzo mengi kuliko kitambaa. Wengine wanaolewa koo kubwa, zenye maduka, zenye masheikh, zenye watu serikalini. Swali lao huwa moja: huko ninakokwenda nitakuwa mimi, au nitakuwa mke wa fulani tu?

Najua mtu atauliza mbona tunamleta mama asiye wa dini yetu. Namleta kwa sababu swali hili halina dini, na kwa sababu maisha yake yanalijibu vizuri kuliko nasaha nyingi tunazopewa siku ya kuvishwa pete. Halafu nina sababu ya nyumbani: mama yangu mzazi ni Mpare wa Gonja, na sekondari niliimalizia Same kwa bibi.

Same Mashariki ni wapi

Mkipanda basi la Dar kwenda Moshi, mkishapita Mombo mnaiona milima mkono wa kulia. Mwanzo ni ya Usambara, baadaye inafuata ya Upare. Mnapita Hedaru, mnapita Makanya, ndipo mnafika Same, mji wa joto na vumbi uliokaa chini ya mlima. Wasafiri wengi wanaijua kwa kushuka dakika kumi kununua maji.

Jimbo la Same Mashariki halionekani kutoka barabara hiyo. Liko upande wa pili wa milima. Unaiacha Same, unapita Kisiwani pembezoni mwa Hifadhi ya Mkomazi, unafika Maore, Gonja, Ndungu, mpaka Kihurio. Chini huko tambarare wanalima mpunga. Juu, Mamba, Miamba, Vunta na Mtii, kuna baridi, migomba na tangawizi. Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upareni, kina mita 2,462. Mvua ikiwa kubwa njia za mlimani hukatika, na udongo huporomoka. Novemba 2009 maporomoko yaliua watu katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, usiku wamelala.

Waislamu na Wakristo huko wanaishi pamoja, na ukoo mmoja unaweza kuukuta una Hamisi na Elieza, wakachinja na kula sahani moja ya makande. Watani wao wanasema Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Ni utani, lakini una ukweli wake. Mpare haki yake haiachi hivi hivi, hata ikiwa ndogo.

Wanawake waliomkabili DC

Kabla hatujafika kwa Anne Kilango, lazima tujue ametoka kwenye milima ya namna gani.

Miaka ya 1940, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, baraza la wamangi wa Upare lilileta kodi mpya juu ya ile ya kichwa iliyokuwepo. Kila mtu akadiriwe kwa mali yake: ng'ombe, shamba, mazao. Kodi ikapewa jina la zamani, mbiru. Wapare hawakugoma kulipa kodi, kwani ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichouliza ni nani anayekadiria, na anatumia kipimo gani. Mkadiriaji akikupenda unalipa kidogo, akikuchukia unalipa kingi.

Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka kila upande wa milima wakakusanyika Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya. Walikaa pale, wakakataa kurudi makwao. Jambo likavuta muda mrefu. Shamba nani alime? Watoto nani awalishe? Mzigo wote ulibaki kwa wanawake.

Mwaka 1946 DC alipokwenda Usangi, ambako leo ni Wilaya ya Mwanga, wanawake waliandamana wakamkabili. Madai yao yalikuwa makali, nami nitayasema kwa stara: ama alimalize shauri la kodi waume warudi majumbani, ama yeye awe mume wao wote awazalishe, kwa kuwa ndiye aliyewanyang'anya waume. Hebu fikirini, wake wa wakulima, wasio na cheo chochote, wanamwambia hayo mzungu wa serikali mbele ya watu. Mwishowe kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, naye mtoto wa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgomo huo.

Kwa hiyo mwanamke wa Kipare kusimama mbele ya wakubwa akauliza habari za fedha, halikuanza Dodoma bungeni.

Nyumba aliyoolewa

Mume wake, Mzee John Samuel Malecela, si Mpare. Ni Mgogo wa Dodoma, amezaliwa mwaka 1934. Alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa miaka ya 1960, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1972 mpaka 1975, balozi London, na kuanzia Novemba 1990 mpaka Desemba 1994 Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais.

Sisi wa Zanzibar jina lake tunalikumbuka kwa jambo jingine. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na kelele zikawa kubwa mpaka ikajitoa mwaka 1993. Kutokana na kelele hizo wabunge 55 wa Bara walileta hoja ya kutaka serikali ya Tanganyika. Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Malecela, na Mwalimu Nyerere alimlaumu kwa namna alivyolishughulikia jambo lile, akaandika hata kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Mwisho wa 1994 Malecela akaondoka kwenye uwaziri mkuu. Aliyepewa nafasi yake alikuwa Cleopa Msuya, Mpare wa Usangi. Ndiyo dunia hiyo.

Mzee hakukata tamaa. Mwaka 1995 aliomba kugombea urais kupitia CCM, akakatwa. Mwaka 2005 akaomba tena, akakatwa tena. Mara hiyo majina matatu ya mwisho yalikuwa ya Jakaya Kikwete, Mark Mwandosya, na mtoto wetu wa visiwani Dk. Salim Ahmed Salim. Malecela alibaki Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara mpaka 2007, na mbunge wa Mtera.

Mke anayeingia nyumba kama hii anapokea vitu viwili kwa pamoja. Anapokea heshima: milango inafunguka, watu wanamjua kabla hajajitambulisha. Anapokea na uhasama wa zamani ambao yeye hakuuanzisha. Waliomkata mume wanamtazama mke kwa jicho hilo hilo. Maharusi wangu, hili halisemwi kwenye mkoba wa posa. Ukoo ukiwa na jina kubwa, una na watu walioumizwa na jina hilo, na wengine waliofaidi ambao sasa wanasubiri wafaidi tena.

Sauti ya 2008

Mwaka huo huo wa 2005 mume alipokatwa kwenye urais, Anne Kilango alishinda ubunge wa Same Mashariki. Angalieni vizuri: hakugombea Dodoma kwenye watu wa mumewe. Aligombea kwao Upareni. Wanawake waliopita majimboni mwaka huo hawakufika 20 katika majimbo 232 ya nchi nzima. Wengi wa wengine waliingia kwa viti maalumu. Viti maalumu si vibaya, lakini kwenye jimbo lazima uombe kura kwa mzee wa Kihurio na kwa mama anayechimba tangawizi Miamba. Hao hawali jina la Waziri Mkuu mstaafu.

Halafu ukaja mwaka 2008. Mambo mawili yalikuwa yakisumbua nchi. La kwanza ni EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Ukaguzi ulionyesha kuwa katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zilikuwa zimelipwa Shilingi bilioni 133 kinyume cha utaratibu, na Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa. La pili ni Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006, wakati nchi ina ukame na mabwawa yamekauka, na umeme wenyewe ikashindwa kuuleta. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, pamoja na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha.

Katika Bunge hilo, chini ya Spika Samuel Sitta, wabunge kadhaa wa CCM walisimama kuisema serikali ya chama chao wenyewe: Mwakyembe, Lucas Selelii, na wengine. Kati yao alikuwa Anne Kilango. Alitaka fedha za EPA zirudi na waliozichukua wafikishwe mbele ya sheria. Alisema kwa ukali, bila kumung'unya maneno. Magazeti yakamwandika, watu wakamnukuu vijiweni, na walivyomwita ni Anne Kilango. Jina la Malecela likawa linakuja nyuma, au haliji kabisa.

Neno lililotumika sana miaka hiyo ni fisadi. Wazee wetu wa pwani walilijua kabla ya siasa. Fisadi alikuwa mharibifu, mtu unayemwambia binti yako ajihadhari naye. Miaka ile likahamia kwenye fedha za umma, na tangu hapo limebaki huko.

Alikuwa akipigania nini?

Hapa tusiandike kama tunamsifia mtu kwenye harusi. Lipo swali ambalo liliulizwa wakati ule na ni swali la halali. Mume wake alikatwa mwaka 2005 na kundi la Kikwete na Lowassa ndilo lililoshinda. Miaka mitatu baadaye mke anasimama bungeni wakati Lowassa anaanguka. Je, huo ulikuwa uchungu wa nchi au uchungu wa nyumbani?

Moyo wa mtu anaujua Allah. Sisi tunaweza kuangalia yaliyo wazi tu. Bilioni 133 zilitoka kweli, na mkataba wa Richmond ulikuwa mbovu kweli. Hata kama mtu ana kinyongo chake, hesabu ya fedha haibadiliki kwa sababu ya kinyongo. Na kama angekuwa anapigania nyumba yake peke yake, lililokuwa jepesi ni kunyamaza. Nyumba za wakubwa hukaa muda mrefu kwa kunyamaza, na anayeisema serikali ya chama chake anajua kuwa chama kina kumbukumbu.

Mimi nasema yote mawili yanaweza kukaa katika mtu mmoja. Unaweza kuwa na machungu ya nyumbani na bado ukasema kweli. Ila ukisema kweli huku una machungu, watu watayaona machungu kwanza. Hilo ni gharama ya jina, na mke analilipa kama mume.

Mwaka ambao mke alishinda na mume akashindwa

Mwaka 2010 likatokea jambo ambalo halitajwi sana. Kwenye kura za maoni za CCM, Mzee Malecela alishindwa Mtera, jimbo lake la miaka mingi, na Livingstone Lusinde, ambaye wakati huo hakuwa na jina la kufananishwa na la mzee. Waziri Mkuu mstaafu, makamu mwenyekiti wa zamani, akashindwa na watu wake mwenyewe. Mwaka huo huo mke akarudi bungeni kutoka Same Mashariki.

Nyumba moja, jina moja, majibu mawili. Kama jina ndilo linalotoa ushindi, mwenye jina angeshinda kwanza. Wapiga kura wa Mtera waliona wakati wake umepita. Wapiga kura wa Same Mashariki waliona mama yao bado anawafaa.

Aliwafaa kwa nini? Alisimama na wakulima wa tangawizi mpaka kikapatikana kiwanda cha kusindika Mamba Miamba. Tangawizi ikiuzwa mbichi kwa gunia, mnunuzi ndiye anayepanga bei, na mkulima anakubali kwa sababu mzigo unanyauka. Ikikaushwa na kusagwa, unaweza kuiweka ukasubiri. Kiwanda hakikwenda moja kwa moja, kuna vipindi kilisimama, lakini wazo lenyewe kila mwanamke mwenye biashara analielewa. Aliisemea pia bungeni barabara ya Same, Kisiwani mpaka Mkomazi, miaka na miaka, kwa sababu mbunge wa upande ule wa mlima asiposema barabara hana la kusema.

Hizi ndizo kazi za mwanasiasa wa kawaida. Haziingii kwenye vitabu vikubwa. Lakini dada zangu, tangawizi tunayoisaga kwenye chai na pilau yetu imelimwa na mtu, imebebwa kichwani na mwanamke, ikashuka mlima.

Kushindwa, tena mbele ya macho ya watu

Januari 2015 Rais Kikwete alimteua Naibu Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Lowassa, yule aliyejiuzulu 2008, akahama CCM na kugombea urais kwa tiketi ya Chadema, akiungwa mkono na Ukawa. Mkoa wa Kilimanjaro ukaelekea upinzani kwa nguvu, na katika wimbi hilo Anne Kilango akashindwa Same Mashariki.

Aliyemshinda ni mwanamke mwenzake, Naghenjwa Kaboyoka wa Chadema. Baadaye bungeni mama huyo akapewa kuongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, kamati inayochungulia fedha za umma zinavyotumika. Kwa hiyo jimbo lile la nyuma ya mlima lilimtoa mwanamke mmoja mkali wa fedha za umma na kumpeleka mwingine wa kukagua hesabu hizo hizo. Wale wanawake wa mbiru nadhani wasingeshangaa.

Machi 2016 Rais Magufuli alimteua Anne Kilango kuwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Wakati huo Rais ameagiza kila mkoa uhakiki watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara na watu hawapo. Shinyanga ikajibu kuwa haina hata mmoja. Rais akatuma watu wakahakiki upya, wakakuta 45, na kazi ilikuwa haijaisha. Tarehe 11 Aprili 2016 akatangaza kumwondoa, Ikulu, mbele ya nchi nzima.

Mama aliyejulikana kwa kusema fedha za umma zinaliwa, akaondolewa kwa sababu ya fedha za umma zinazoliwa kwenye mkoa wake. Hili linauma kulisoma. Mkuu wa mkoa mwenye wiki chache kazini anapokea ripoti kutoka kwa waliomkuta ofisini, na ripoti hiyo akiitangaza inakuwa neno lake. Sisi mafundi tunalijua hili: vipimo ukiletewa kwenye karatasi, nguo isipomkaa bi harusi lawama si ya aliyeandika karatasi. Ni yako wewe uliyekata kitambaa.

Na jina la Malecela halikumkinga. Desemba mwaka huo huo, Dk. Mwele Malecela, binti wa Mzee Malecela na mwanasayansi mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, naye akaondolewa na Rais huyo huyo, siku moja baada ya kutangaza matokeo ya utafiti juu ya virusi vya Zika. Wanawake wawili wa nyumba moja katika mwaka mmoja. Dk. Mwele alikwenda Shirika la Afya Duniani, Geneva, akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, yakiwemo matende na mabusha tunayoyajua sana pwani, mpaka alipofariki Februari 2022. Hakwenda kule kwa jina la baba. Geneva hawamjui Waziri Mkuu wa Tanzania wa 1990. Alikwenda kwa elimu yake.

Anne Kilango naye hakutoa maneno ya kuharibu. Januari 2017 Rais yule yule aliyemwondoa akamteua kuwa mbunge, katika nafasi kumi za uteuzi wa Rais. Mwaka 2020 akarudi kugombea Same Mashariki akatangazwa mshindi, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa karibu nchi nzima. Hilo nalo tuliseme, maana historia si ya kuficha. Lakini alirudi pale pale alipoanzia, nyuma ya mlima, kwenye tangawizi na barabara.

Nini cha kwetu

Sisi kwenye dini yetu mwanamke akiolewa habadilishi nasaba. Anabaki binti fulani wa fulani mpaka siku ya kuzikwa, na mali yake ni yake. Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na biashara yake kabla ya ndoa, na jina lake halikupotea ndani ya ndoa iliyo tukufu kuliko zote. Hili tunalisoma madrasa, halafu siku ya harusi tunalisahau, tunaanza kumwambia mwari kuwa sasa yeye ni wa ukoo ule, ajisahau.

Mama wa Same hakuongozwa na mafunzo hayo, lakini maisha yake yanaonyesha faida yake. Jina la mume lilimpa mlango na likampa maadui. Halikumpa kura mwaka 2005, halikumzuia kushindwa 2015, halikumwokoa 2016. Kilichombakisha kila mara ni vitu vyake: kwao, watu anaowajua kwa majina, na kazi aliyokuwa akiifanya.

Kwa hiyo wewe unayeolewa mwezi ujao ukoo mkubwa, ingia kwa heshima. Mheshimu mama mkwe, wajue mawifi, jina la mumeo litunze kama unavyotunza nguo ya mtu uliyokabidhiwa. Lakini cherehani yako usiiuze. Namba za wateja wako usizifute. Kwenu usikuache mpaka watu wakusahau sura. Si kwa kumdhania mumeo vibaya, hasha. Ni kwa sababu waume nao huanguka, kama Mtera ilivyotufundisha, na siku hiyo nyumba inahitaji mtu mmoja aliyesimama kwa miguu yake.

Na ukipewa jambo la watu, dogo au kubwa, liwe la kikundi cha kuweka na kukopa au la kamati ya msikiti upande wa wanawake, hesabu zihesabu kwa mkono wako kabla hujasema mbele za watu kuwa ziko sawa.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi, awape na wao majina mema ya kwao wenyewe. Wabillahi tawfiq.